Mkono wa D.O. Begani mwa Odera

Habari za kifo cha Mzee Ekesa zilinikuta nikichagua mchele. Simu ilitetemeka juu ya meza, nikasoma ujumbe wa binti yake Nafula kwamba baba amepumzika alfajiri, na kwamba watu watakutana kila jioni katika ukumbi wa Makadara kupanga safari ya kwenda kumzika Busia. Nikaiweka simu kifudifudi, nikaendelea kutoa mawe. Mchele niliupika, nikala, nikaosha sahani na sufuria, nikafagia na jikoni. Watu husema nina moyo mgumu. Mimi naona si ugumu. Ni kwamba habari huchukua muda kunifikia, hata zikishapita masikioni. Ziko zilizochukua miaka. Jioni nilitafuta viatu vyeusi, nikajitanda leso, nikaenda.

Ukumbi ni uleule. Wameupaka rangi mpya na kuleta viti vya plastiki, lakini harufu ni ileile ya vumbi lililomwagiwa maji. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, beseni la kutilia mchango, na picha ya Mzee Ekesa iliyotolewa kwenye simu ya mtu. Amekunja uso kwa sababu ya jua, na begani mwake limebaki sikio la mtu aliyekatwa pichani. Niliitazama nikasema moyoni, Mzee, hii usingeikubali. Kisha nikatoka nje kwa mlango wa nyuma, kama anayetafuta choo, nikaenda kuviangalia vile vyumba viwili. Kimoja siku hizi ni saluni. Kingine kinauza mayai kwa jumla, trei zimepangwa mpaka dirishani. Nilipokuwa msichana, hapo ndipo palikuwa Ofisi ya Habari, nami nilifanya kazi hapo mwaka mmoja tu, mwaka ambao naukumbuka kuliko yote niliyofanya kazi baadaye kwa mshahara mkubwa zaidi.

Kibao cha mlangoni kilisema kazi yetu ni kuwaunganisha wananchi wa mashariki ya mji na serikali yao. Mashariki ya mji ilikuwa mitaa yote kuanzia Kariokor hadi huko nyumba zilikokuwa zinaishia, na watu wa kuiunganisha tulikuwa watatu. Bwana Mulwa, mkuu wa ofisi, alikaa chumba cha kwanza pamoja na simu. Ekesa, mpiga picha, ambaye tulimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi hata moja, alikaa chumba cha pili pamoja nami. Ndani ya hicho chumba chetu kulikuwa na bafu la zamani lililozibwa dirisha kwa blanketi, na humo ndimo alimosafishia picha. Nguo zangu zote za mwaka ule zilinuka dawa za lile bafu. Ekesa alipiga picha za sherehe na mikutano: mkuu wa tarafa, ambaye hakuna aliyemwita vingine ila D.O., akifungua darasa, akipanda mti, akikagua mtaro. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo chini ya kila picha. Sheria ilikuwa nyepesi. Wakubwa wanatajwa kutoka kushoto kwenda kulia, jina na cheo, na waliobaki wote ni wananchi. Siku ya kwanza nilimuuliza Bwana Mulwa kama nisiwaulize watu majina yao. Hakukasirika. Alisema, "Wananchi ni wananchi, Felista. Ukianza kuwataja, karatasi itaisha."

Kila asubuhi, kupitia ukuta wa mbao, nilimsikia akipiga simu makao makuu. Alianza kwa kikohozi, kisha, "Ndiyo, mkubwa. La, mkubwa. Huku ni shwari, mkubwa." Huku kulikuwa shwari siku zote. Kulikuwa shwari maji yalipokatika Jericho wiki nzima na akina mama wakaziba barabara kwa ndoo. Kulikuwa shwari asubuhi ile moshi wa kutoa machozi ulipopanda kutoka Mathare, ukatufikia kwa upepo, na Bwana Mulwa akasema ile shwari yake huku kitambaa kikiwa puani. Ekesa alinitazama, akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nalia kwa furaha ya amani." Nilitabasamu kwa adabu. Mwaka ule nilifanya mengi kwa adabu. Mama yangu tulikuwa tumemzika Desemba, kazi nikaipata Januari, na katikati hapo sikulia hata mara moja. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa. Unaugusa, unajua ni wako, lakini haukuambii chochote.

Picha zetu zilibandikwa kwenye ubao wenye kioo nje ya mlango, na kila Ijumaa zilibadilishwa. Nilidhani hakuna atakayejali sura ya D.O. akikata utepe. Nilikosea. Watu walijaa. Akina mama wanaotoka sokoni walitua vikapu, vijana walisukumana, wafanyakazi wa reli walisimama na vikombe vyao vya chakula mkononi. Ila hakuna aliyemtazama D.O. Walianzia nyuma. "Buda, si huyu ni mathe yako, hapa nyuma ya ile kofia?" "Wacha! Ni mama kweli, na ile leso yake ya kanisa!" Kijana mmoja alinijia kila Ijumaa, "Niaje Felista, nimetokelezea leo?" akaniacha nikicheka peke yangu siku alipojikuta ametokea kiwiko tu, akawaita wenzake wote waje wakione. Sisi tulidhani tunawaonyesha serikali; wao walikuja kujitafuta.

Ndipo nikaelewa ile kazi nyingine ya Ekesa ambayo haikuandikwa popote. Nyumba nyingi za huku hazikuwa na picha wakati ule. Watu walipiga picha ya kitambulisho, basi, na kitambulisho cha maiti mara nyingi hubaki polisi au hospitali. Lakini maiti haisafiri kwenda nyumbani magharibi bila picha. Picha hutangulia mbele ya jeneza, mtoto wa marehemu ameishika kifuani, na huko nyumbani ndiyo huwekwa mezani waombolezaji waiangalie. Kwa hiyo msiba ulipotokea, watu walikuja kwetu. Walisimama mlangoni na kofia mkononi, wakauliza kama marehemu aliwahi kuhudhuria mkutano wowote wa serikali. Ekesa alitoa masanduku ya filamu, akaziinua kwenye mwanga, akatafuta. Wakati wa chakula cha mchana, Bwana Mulwa akiwa ametoka, aliingia bafuni akamtoa mtu wao kutoka nyuma ya waziri, akamkuza mpaka akajaa karatasi nzima. Alipotoka na ile picha mbichi ikidondosha maji, waliompoteza mtu wao waliipokea kwa mikono miwili. Bwana Mulwa alijua. Aliuliza tu kwa nini karatasi zinaisha haraka, na Ekesa akajibu kwamba ni unyevu.

Chai yetu ililetwa na Mama Awino. Alikuja saa nne na chupa ya chai iliyofungwa kitambaa, na mandazi ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko, akaketi kwenye ngazi ya mlango wetu mpaka ndoo iishe. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mtu wa Siaya, sauti nzito, mwepesi wa kutania. Aliniita nyathina, mwanangu. Ndiye pekee mwaka ule aliyeniuliza nimekula nini jana. Nikimjibu "chai," alinipa andazi la pili bila kulihesabu, akasema mwenye njaa hana maelezo ya picha. Mumewe, Odera, alikuwa kibarua wa kubeba magunia katika kiwanda kimoja Industrial Area, mtu mrefu, mkimya, ambaye jioni alikuja kumpokea ndoo akatusalimia kwa kuinamisha kichwa. Waliishi Mathare, chini karibu na mto, na binti yao mmoja, Awino. Odera hakuwa ameenda kwao kwa miaka mingi. Mama Awino alilisema hilo huku akipanga vikombe, kana kwamba anazungumzia mvua. "Huko nyumbani wanasema amepotelea mjini. Mimi nawaambia hajapotea, amechoka tu. Nauli ni ya mtu asiyechoka."

Mwezi wa saba magunia yaliporomoka kiwandani yakamfunika. Alifika hospitali akiwa amekwisha. Mama Awino alikuja ofisini kesho yake saa nne, saa ileile ya chai, bila ndoo. Alisimama mlangoni. Ekesa alivuta masanduku. Tuliangalia filamu hadi mchana, na picha ya Odera ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya siku D.O. alipofungua kibanda cha maji Mathare. Nami nilikuwepo siku ile, nimebeba mkoba wa Ekesa. Odera alikuwa amekuja na mtungi wake kuteka maji, hakujua kuna sherehe, akasimama mbele ya bomba. D.O. akaweka mkono begani mwake amsogeze, akamwambia, "Wewe, toka hapo, unaziba bomba." Odera akamgeukia na lile tabasamu dogo la kuomba radhi. Wakati huohuo Ekesa akabonyeza. Ile picha haikutumika, alipiga nyingine bomba lilipokuwa wazi.

Ekesa alijitahidi kumtoa bila ule mkono. Haikuwezekana; ulikuwa umemkaa Odera begani hadi karibu na shingo, mkono wa kaki wenye vifungo vya shaba na saa ya dhahabu. Ukiukata unamkata bega. Mwishowe akamwacha hivyo. Picha ilipokauka tuliitazama sote watatu. Mtungi haukuonekana, bomba halikuonekana, umati ulikuwa umepotea. Alibaki mwanamume anayetabasamu, amemgeukia mtu anayemshika bega kama rafiki wa siku nyingi. Mama Awino aliipapasa kwa kidole. "Hapa amependeza," alisema.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa Odera, alikuwa amefika kutoka Siaya kuchukua maiti, mzee aliyevaa koti la suti juu ya sweta. Siku hizo mbili alizokuwa Nairobi hakukaa chini kwa Mama Awino. Nilimsikia mwenyewe pale ngazini kwetu akimwambia kwa Kiswahili, ili sisi tusikie na tuaibike naye, "Sisi tutamzika asubuhi na mapema, bila maneno mengi. Mtu hakujulikana na yeyote. Tutamsemea nini?" Ninyi mnaotoka huko mnajua maana yake. Mtu huzikwa kwa maneno. Wanasimama watu wa kanisa, wanasimama waliosoma naye, wanasimama wa kazini, mwisho anasimama chifu. Asiye na wa kumsemea huzikwa kama mwizi, kabla umande haujakauka, na mjane wake hurudi mjini bila kuonyeshwa mahali pa kujenga. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kumwambia Mama Awino kwamba vibarua hawana utaratibu wa kuwakilishwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameniuliza, bila machozi, "Kama Odera hana wa kumsemea, mimi na Awino tutakuwa watu wa nani?"

Sasa yule shemeji akaonyeshwa picha. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Akauliza, "Huyu aliyemshika ni nani?" Ekesa, ambaye alikuwa anakusanya karatasi zake na hakuwa na hila yoyote, akajibu lililo kweli: "Ni D.O." Yule mzee alivuta kiti. Aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi. Aliitazama tena ile saa, vile vifungo, lile tabasamu la ndugu yake. Baadaye akamwambia Mama Awino kwa sauti nyingine kabisa, "Mke wetu, mbona hukusema?" Na kabla hatujajua la kufanya alikuwa amekwenda posta kupiga simu kwa chifu wa kwao, kwamba mazishi yasogezwe mpaka mchana wa Jumamosi, watu waalikwe, hema litafutwe, kwa kuwa serikali inakuja kutoka Nairobi kumzika Odera.

Bwana Mulwa alipoelezwa aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke. Alisema, "Na tukianza kuzika kila mwananchi tuliyempiga picha?" Akamtazama Mama Awino kupitia mlango uliokuwa wazi, akaishika kalamu tena. "Sijasikia kitu," alisema. "Jumamosi ofisi imefungwa." Ekesa alirudi chumbani kwetu, akafunga mlango, akaniambia nitakwenda mimi. Yeye Jumamosi alikuwa na waziri. Nilimwambia siwezi kusimama mbele ya watu niseme mimi ni serikali. "Nani amekwambia useme hivyo?" alijibu. "Wewe ni karani wa serikali, huo si uongo. Simama useme umetumwa. Usiseme na nani. Hakuna anayeiuliza serikali imetumwa na nani." Kisha akaangalia miguu yangu. "Na viatu unavyo." Vilikuwa vile nilivyonunua kwa ajili ya mazishi ya mama. Sikuona uchungu wala hofu. Niliona tu kwamba itabidi nivipake rangi.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kutoka chumba cha maiti, jeneza limefungwa juu ya basi. Awino aliketi dirishani na picha mapajani, amevaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Wanawake waliimba mpaka Naivasha, wakachoka, wakaanza kugawana mayai ya kuchemsha na mikate. Mama Awino aliketi karibu nami. Nilimuuliza aniambie mambo ya mumewe, nikimweleza kwamba nataka ya kweli tu, maana uongo sijui kuusema vizuri. Aliniambia. Aliniambia kwamba Odera hakuweza kulala kabla hajajaza mitungi ya mwanamke mgonjwa wa mlango wa pili. Kwamba alipenda kichwa cha samaki. Kwamba aliogopa kuvuka barabara kubwa. Alipomaliza, nikamuuliza kama anajua ule mkono wa D.O. ulikuwa unafanya nini siku ile. "Najua," alisema. "Alikuja jioni akaniambia, leo serikali imenishika. Akacheka sana. Mimi sikucheka." Aliangalia nje, mashamba ya mahindi yakipita. "Ule mkono ulimsukuma, nyathina. Kesho mkono huohuo umbebe."

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye mazishi ya mtu wa kawaida. Walikuwepo watoto wa shule wamepangwa mstari. Chifu alikuwepo, kofia magotini, na mimi nikakalishwa karibu naye kwenye kochi lililotolewa nyumbani kwa mtu. Picha iliwekwa mezani, na mstari wa watu ukapita kuiangalia, na kila aliyepita alikaribia, akautazama mkono, akamtazama Odera, akaendelea akiwa amenyooka zaidi. Ilipofika zamu ya serikali nilisimama. Kijana mmoja alitafsiri maneno yangu kwa Kijaluo. Nilisema kwa sauti ileile ninayosomea maelezo ya picha, kavu, maana sikuwa na nyingine. "Nimetumwa," nilisema. "Nimetumwa niseme kwamba Joseph Odera tulimjua. Alikuwa mkazi wa Mathare. Alibeba mizigo kiwandani, na jioni alibeba maji ya jirani mgonjwa. Kibanda cha maji kilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza kufika na mtungi. Mkewe aliitunza ofisi yetu kwa chai. Ofisi yetu haitamsahau." Nilisema maneno machache, yule mkalimani aliyafanya marefu, na kutokana na nyuso za watu nikajua kwamba katika Kijaluo serikali ilikuwa na huzuni kubwa zaidi. Wanawake waliinua kilio. Yule shemeji mkubwa, mwenye koti na sweta, alilia waziwazi kama mtoto. Mimi niliwaangalia nikiwaza kwamba miezi saba iliyopita kwenye kaburi la mama hakuna aliyesimama kusema ametumwa, na kwamba hilo lingepaswa kuniuma. Nikangoja liniume. Halikuniuma.

Chifu alisimama mwisho. Nilijua huyu anaweza kuniuliza. Alinitazama kidogo, kisha akawageukia watu wake akasema, "Kama mlivyosikia kutoka kwa mjumbe wa Nairobi." Basi. Aliagiza hapohapo mjane aonyeshwe mahali pake kabla watu hawajatawanyika, na wazee wakainuka wakatembea mpaka kando ya mihogo, wakachomeka kijiti. Mama Awino alisimama pale kwenye kijiti, mkono kichwani mwa binti yake. Nilipokuwa napanda gari la kurudi, shemeji alikuja mbio na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Alisema ni wa D.O., apelekewe mkononi, na aambiwe ukoo umeshukuru.

Jumatatu jogoo alikuwa chini ya meza yangu, amefungwa kwenye mguu wa kiti. Bwana Mulwa alimsikia akiwika wakati wa simu ya makao makuu na akakohoa kumfunika. Baadaye alikuja mlangoni kwetu akauliza huyo ni nani. Ekesa alisema ni zawadi ya wananchi kwa D.O. Bwana Mulwa aliwaza. Kumpelekea D.O. jogoo kutoka kwenye mazishi ambayo hakujua yalikuwepo kungehitaji maelezo, na maelezo yangehitaji majina. "Basi achinjwe," alisema, "na sisi ni ofisi ya serikali pia." Mama Awino aliporudi mjini mwisho wa wiki alimpika kwenye jiko la makaa nyuma ya ukumbi, kwa vitunguu na nyanya, tukala kwa ugali, sote wanne, milango imefungwa. Ekesa alimpa Bwana Mulwa paja, kwa heshima ya cheo. Mama Awino alikula kidogo, akanisukumia firigisi. Niliona midomo yao inang'aa mafuta na jinsi walivyokuwa wanacheka, hata Bwana Mulwa. Nilitafuna ile firigisi kwa muda mrefu. Sikuisikia ladha yake, lakini niliimaliza, kwa adabu.

Desemba mkataba wangu uliisha na hakuna aliyesema utaongezwa. Ofisi yenyewe ilifungwa miaka michache baadaye. Masanduku ya filamu yalipakiwa kwenye lori, na Ekesa aliniambia hajui yalikoshushwa. Siku hizi kuna ofisi mpya inayotoa habari za eneo letu kwenye simu, na vijana wake huandika majina ya wakubwa kutoka kushoto kwenda kulia, nimeyaona. Ekesa aliendelea na kazi kwingine mpaka akastaafu. Tulikutana mara chache, misibani zaidi, na kila mara alitazama miguu yangu akauliza, "Viatu bado vipo?"

Hayo ndiyo niliyoyawaza nikiwa nimesimama kati ya saluni na mayai, mpaka nikasikia wimbo umeanza nikarudi ndani. Mama Awino alikuwa amefika. Ni ajuza sasa, anaishi Kiamaiko kwa binti yake, na alikuwa ameketi karibu na mlango na fimbo katikati ya magoti. Alinivuta nikae karibu naye, akanishika kiganja. Mbele, kijana aliyeongoza mkutano alikuwa na orodha ya wasemaji kwenye simu. Kanisa lilisema. Majirani walisema. Wajukuu waliimba. Kisha akauliza kama kuna mtu kutoka kazini kwa marehemu, kwa kuwa mzee aliitumikia serikali maisha yake yote. Watu waligeuza shingo kutazama mlango. Nafula, pale mbele, aliinamisha macho kwenye mikono yake, na kijana akasema, "Basi, labda wako njiani," akawa anatafuta jina linalofuata.

Mama Awino alinigusa ubavu kwa kichwa cha fimbo. "Simama," alisema. "Umetumwa."

Nilimwambia kwa kunong'ona kwamba ofisi haipo, Bwana Mulwa alikwisha kufa, mimi nilikuwa pale mwaka mmoja tu, na hakuna aliyenituma. Alinitazama kama ninayesema upuuzi, akanigusa tena ubavu, kwa nguvu kidogo. Nikasimama. Nilitembea mpaka mezani na viatu vyangu vyeusi, ambavyo si vilevile lakini ni vya aina ileile, nikasimama karibu na ile picha yenye sikio la mtu. Nilikuwa nimeiandaa ile sauti kavu. Nilifungua kinywa niseme nimetumwa, niishie hapo, kama Ekesa alivyonifundisha.

"Nimetumwa," nilisema. Na nilipotaka kuendelea nikajua, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa nachagua ule mchele, kwamba amekufa. "Nimetumwa na Mzee Ekesa."

Watu wachache walicheka kidogo, wakidhani nimekosea. Nilianza kulia pale mbele, kwa sauti, kwa ajili yake na ya mama na ya Odera, machozi ya miaka yote hiyo kwa pamoja, na sikuweza kuendelea wala kurudi kitini. Nikahisi mkono umenishika begani. Alikuwa Mama Awino, amekuja polepole na fimbo yake, na alibaki amenishika hivyohivyo mpaka nikaweza kusema yaliyobaki.